Pikipiki Kubwa, Pikipiki Ndogo, na Faida ya Chama

Katika vyombo vyote vya safari ambavyo binadamu amejitengenezea, hakuna kimpendezeshacho mtu machoni pake mwenyewe kuliko pikipiki, wala hakuna kimwachacho wazi mbele ya hatari kuliko hicho hicho. Mwenye motokaa ameketi ndani ya nyumba ya chuma. Mwenye pikipiki ameketi juu ya injini, upepo unampiga kifuani, na kati ya goti lake na lami hakuna kitu ila kitambaa cha suruali. Hayo ni kweli kwa tajiri wa Karen ambaye pikipiki yake imegharimu shilingi milioni kadhaa, na ni kweli vile vile kwa kijana wa Kawangware apelekaye abiria Kangemi apate nauli ya kununulia unga. Yafaa basi kuwatazama wote wawili pamoja, kwa maana mara nyingi hutazamwa mbali mbali, mmoja kwa kuhusudiwa na mwingine kwa kulaumiwa.

Msomaji atakayesimama kando ya Barabara ya Ngong Jumapili asubuhi, karibu na Dagoretti Corner, ataziona pikipiki za namna zote mbili. Zile kubwa hupita kwa makundi, taa zikiwaka mchana, wenyewe wamevaa makoti mazito na viatu virefu, wakielekea Karen na mbele zaidi. Zile ndogo zimesimama kwenye steji, wenyewe wameketi juu yake wakingoja watu watokao kanisani. Ajabu ni kwamba jina la Boxer, yaani bondia, limo katika pande zote mbili. Ndogo ni Bajaj Boxer, itokayo India, na jina lake limeandikwa wazi ubavuni. Kubwa ni BMW ya Ujerumani, ambayo injini yake huitwa boxer kwa sababu pistoni zake 2 zimelala, moja kushoto na moja kulia, nazo hutoka na kurudi kwa pamoja kama ngumi za bondia agonganishaye glavu zake kabla ya pambano. Jina ni moja, lakini mabondia wenyewe hawakuzaliwa nyumba moja.

SAFARI ZA MBALI

Kampuni ya BMW ilitoa pikipiki yake ya kwanza, R 32, mwaka 1923, nayo ilikuwa na injini ya mtindo huo tangu mwanzo. Mwaka 1980 ikatoa R 80 G/S, na herufi hizo mbili za mwisho ni kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya nyika na barabara, kwa kuwa ilikusudiwa kupita kote kuwili. Mwaka uliofuata pikipiki ya aina hiyo ilishinda mashindano ya Paris hadi Dakar, na wasafiri wa mbali wakaipenda. Ile iliyotolewa mwaka 2018, R 1250 GS, ina injini ya sentimita za ujazo 1254, na petroli ikijaa huwa na uzito wa kilo 249, karibu sawa na magunia 3 ya mahindi ya kilo 90. Haina mnyororo wa kutiwa mafuta kila mara, bali ina mtaimbo uzungukao ndani ya bomba la chuma hadi gurudumu la nyuma. Uzito wake si wa majivuno tu, kwa maana pikipiki nyepesi ikipishana na lori katika njia kuu hutupwa na upepo, lakini hiyo nzito hushika njia yake.

Walakini safari ndefu za pikipiki zilikuwako kabla ya mashine hizo. Desemba 1934 wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki ya Panther ya sentimita za ujazo 600, yenye kigari ubavuni na kingine kikivutwa nyuma. Walivuka jangwa la Sahara, wakafika Cape Town Julai 1935. Mwaka 1973 mwandishi mmoja wa magazeti, Ted Simon, alitoka Uingereza kwa pikipiki ya Triumph ya sentimita za ujazo 500, akazunguka dunia kwa muda wa miaka 4, na Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi alizopitia. Mwaka 2007 wacheza sinema Ewan McGregor na Charley Boorman walitoka kaskazini mwa Scotland hadi ncha ya kusini ya Afrika kwa pikipiki za BMW, wakaingia Kenya kwa njia ya Moyale.

Njia hiyo ya Moyale, kupitia Marsabit hadi Isiolo, yapata kilomita 500, ilikuwa mtihani wa wasafiri wote kabla lami haijakamilika katika miaka ya 2010. Ilikuwa mawe na matuta madogo madogo yaliyopangana kama ubao wa kufulia nguo, hata skrubu zikalegea zenyewe, na chuma za kubebea mizigo zikavunjika. Waliofika Nairobi salama walikuwa na haja ya fundi kabla ya kitanda. Wengi wao walikwenda kwenye kambi ya wasafiri iitwayo Jungle Junction, ambayo zamani ilikuwa Lavington, si mbali na Kawangware, kisha ikahamia upande wa Karen. Hivyo kwa miaka mingi pikipiki zilizovuka majangwa zilifunguliwa injini zake karibu kabisa na vibanda vya mafundi wa jua kali waliokuwa wakifungua injini za Boxer ndogo.

MIKUTANO YA WENYE PIKIPIKI

Watu wapendao kitu kimoja hawakosi kutafutana. Huko Marekani, katika mji mdogo wa Sturgis, chama cha wenye pikipiki kilianzisha mkutano mwaka 1938, nao umekua hata siku hizi huhudhuriwa na watu mamia ya maelfu. Ujerumani kuna mkutano ulio tofauti, ambao labda ungemvutia zaidi mkulima wa huku, kwa kuwa ni wa watu wasioogopa tabu. Huitwa Mkutano wa Tembo. Ulianza mwaka 1956, na tembo waliotajwa hawakuwa wanyama, bali pikipiki za Zündapp KS 601 zenye kigari cha ubavuni, ambazo kwa nguvu zake na rangi yake ziliitwa tembo wa kijani. Wenyewe walikutana wakati wa baridi kali, na mpaka sasa mkutano huo hufanywa kwenye theluji. Watu hulala katika mahema, huota moto, na hupika chakula chao wenyewe.

Jambo moja katika mkutano huo lastahili kukumbukwa. Usiku mmoja watu hushika mienge, hutembea pamoja polepole, na kuwakumbuka wenzao waliokufa barabarani. Mtu asiyejua atafikiri kwamba wenye pikipiki hukusanyika ili kuonyeshana mashine zao tu. Kuonyeshana kupo, lakini chini yake pana jambo zito zaidi. Kila mmoja ajua kwamba mwaka ujao huenda yeye akawa miongoni mwa wanaokumbukwa, naye ataka kuwa na hakika kwamba patakuwa na watu wa kushika mwenge.

Nairobi nayo ina vyama vyake vya wenye pikipiki kubwa, wanaume kwa wanawake. Kimojawapo, Inked Sisterhood, ni cha wanawake watupu. Jumapili huenda Magadi, wakishuka kutoka Kiserian na kuacha baridi ya vilima vya Ngong nyuma yao, hata wafike kwenye joto la ziwa la magadi. Au hushuka ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Mai Mahiu, wakipita kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitalia mwaka 1942. Tangu mashindano ya magari ya Safari Rally yaliporudi katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, Naivasha pia imekuwa mahali pa kwenda.

Mwendo wao una sheria. Yuko kiongozi wa mbele aijuaye njia, ambaye hapitwi na mtu. Yuko wa mwisho, aliye stadi kuliko wengine, ambaye huchukua dawa na vyombo vya kurekebishia, wala hamwachi mtu nyuma. Walio katikati hawafuatani katika mstari mmoja, bali mmoja hukaa kushoto na mwenziwe kulia nyuma kidogo, ili kila mmoja awe na nafasi ya kufunga breki. Aonaye shimo hunyosha mguu upande wa shimo, na wa nyuma yake hufanya vivyo, mpaka habari ifike mwisho wa safu. Mgeni huwekwa karibu na kiongozi, ili asijaribu kukimbizana na wenye ujuzi akajiumiza.

STEJI ZA KIBERA NA KAWANGWARE

Sasa na itazamwe pikipiki ndogo. Jina la bodaboda lilitoka Busia, katika mpaka wa Kenya na Uganda, ambako tangu miaka ya 1960 watu wa baisikeli walivusha abiria na mizigo kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, wakiita kwa sauti neno la Kiingereza la mpaka. Baisikeli zikaleta pikipiki. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya thamani juu ya pikipiki zenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 250, na tangu hapo vijana wengi waliokuwa wakisukuma mikokoteni au kukaa bure walipata chombo cha kazi.

Kibera iko kusini mwa Barabara ya Ngong, na Kawangware kaskazini yake. Kibera ilianza kuwa makao ya askari Wanubi wa King's African Rifles na jamaa zao mwanzoni mwa karne ya 20, palipokuwa bado msitu. Leo nyumba zimeshikana hata mtu akitoka mlangoni akaribia kuingia kwa jirani. Reli iendayo Kisumu imepita katikati. Barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata, ambayo kwa ajili yake nyumba nyingi zilibomolewa Julai 2018, imeleta lami, lakini aendaye ndani ya Gatwekera au Mashimoni bado hupita vichochoro. BMW iliyovuka Sahara haiwezi kugeuka humo. Boxer hupita. Mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku wa manane, mgonjwa asiyeweza kutembea, mitungi ya gesi, magunia ya mitumba kutoka soko la Toi, vyote hivyo huchukuliwa na pikipiki ndogo.

Kila mwendeshaji ana steji yake, iwe Olympic au Makina kwa upande wa Kibera, au Gatina na Congo kwa upande wa Kawangware. Mtu apitaye huona pikipiki kumi zimepangwa chini ya kibanda cha bati, akafikiri kwamba yeyote aweza kuja kusimama hapo. Sivyo. Mgeni huletwa na mwenyeji amjuaye, hutoa ada ya kuingia, na jina lake huandikwa. Yuko mwenyekiti, yuko karani, yuko mweka hazina. Abiria hupokewa kwa zamu. Kila siku kila mmoja hutoa shilingi chache, nyingine zikienda katika mchango wa zamu, ambao hupewa mmoja mmoja kwa mfuatano apate kununua pikipiki yake mwenyewe aache kumlipa tajiri kila jioni, na nyingine zikiwekwa akiba kwa ajili ya hospitali na mazishi. Basi hiki ni nini kama si chama cha wenye pikipiki? Hakina bendera wala hakiendi Magadi, lakini katiba yake imeandikwa kwa tumbo na kwa damu.

KARANI WA GATINA

Palikuwa na karani mmoja wa Serikali, mtu wa makamo, akaaye Gatina pamoja na mkewe na watoto watatu. Tangu alipokuwa mwanafunzi katika shule ya misheni alitamani pikipiki kubwa. Alizijua zote kwa majina na kwa ukubwa wa injini, kama wengine wajuavyo wachezaji wa mpira. Kwa miaka 6 alikuwa akiweka fedha kidogo kidogo katika chama cha akiba na mikopo, akijua ya kwamba pikipiki kubwa, hata ikiwa imekwisha kutumika, bei yake huvuka shilingi milioni moja. Mkewe hakumkataza. Alimwambia neno moja tu: "Baba watoto, nunua ukitaka. Lakini niambie kwanza, siku ukianguka nimpigie nani simu?"

Karani alilicheka neno hilo. Mwenzake wa ofisini, aliye mwanachama wa chama kimoja cha pikipiki kubwa, alimchukua siku moja nyuma yake hadi Magadi. Alirudi amejaa vumbi na furaha. Alisifu mwendo, lakini alisifu zaidi jinsi mwenzao mmoja alivyopata pancha karibu na Olorgesailie, na watu wote wakasimama kwenye jua, hapana aliyenung'unika, mpaka gurudumu likatengenezwa. Akafikiri kwamba amepata jibu la swali la mkewe.

Majuma machache baadaye kijana aliyezoea kumpeleka karani kwenye kituo cha basi kila asubuhi hakuonekana stejini. Usiku uliotangulia gari lilimgonga katika Barabara ya Naivasha, nalo halikusimama. Mguu wake ulivunjika mara mbili. Mapema asubuhi mweka hazina alikuwa amekwisha kwenda Hospitali ya Kenyatta na fedha za akiba. Lakini jambo lililomshangaza karani halikuwa hilo. Pikipiki ya kijana ilikuwa ya mkopo, na malipo yake hayakungoja mguu upone. Steji ikaamua kwamba ikiisha kutengenezwa, kila mmoja wao ataiendesha kwa zamu saa 2 kila siku. Mapato yake yakagawanywa mafungu mawili, moja la mkopo na moja la mke wa kijana. Na kwa kuwa kijana huyo ndiye aliyekuwa karani wa steji, mwenyekiti alimwendea karani wa Serikali akamwomba awashikie kitabu.

Mwenyekiti alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, aliyeanza kazi kwa baisikeli. Karani alimwuliza, "Mzee, hamwogopi kwamba kwa kumsaidia mmoja hivi mtajimaliza wote?"

Mzee akajibu, "Karani, mwenye gari ana bodi ya gari ya kumkinga. Sisi bodi yetu ni watu. Ukiona kijana amevunjika mguu na watoto wake wamekula, ujue bodi imefanya kazi yake."

Karani akashika kitabu. Aliandika kwa mwandiko wa ofisini, akapiga mistari kwa rula, safu ya waliotoa na safu ya waliopewa. Miezi 4 ikapita, hata kijana akaanza kutembea kwa magongo.

Lakini kitabu hicho kilikuja kuandikwa jambo la namna nyingine. Jioni moja motokaa iligusana na pikipiki ya mwanachama karibu na soko. Hakuna aliyeumia ila kioo cha taa kilivunjika. Kabla dereva hajafungua mlango, pikipiki yapata ishirini zilikuwa zimemzunguka, na nyingi kati yake hazikuwa za steji hiyo. Mmoja akashika jiwe. Mwingine alitaja kiberiti. Karani, aliyekuwa akirudi kutoka kazini, alimwona mzee mwenyekiti akisukuma watu kwa mabega mpaka akausimamia mlango wa gari kwa mgongo wake, akipaza sauti: "Leteni kalamu, msilete mawe! Andikeni namba ya gari, andikeni jina lake, na polisi waitwe!" Hata hivyo kioo cha pembeni cha gari kilikuwa kimekwisha vunjwa, na mwanamke aliyekuwamo ndani alikuwa akitetemeka hata asiweze kusema.

Usiku ule mkutano ulikuwa mrefu. Mwenyekiti alitaka kioo kilipwe kutoka katika akiba ile ile ya hospitali, kwa kuwa mmoja wao ndiye aliyekivunja. Wengine walikataa, wakasema fedha za wagonjwa haziwezi kwenda kwa mwenye gari. Mzee hakuondoa neno lake. "Akiba hii," alisema, "ni ya kumlinda mtu wa steji hii. Mnadhani leo ni nani aliyehatarishwa? Kama mama yule angalichomewa gari lake, kesho steji nzima ingalikuwa korokoroni, na ile miguu iliyovunjika ingalilipiwa na nani?" Mwishowe kioo kililipwa. Wanachama wawili waliondoka kwa hasira, wakaenda steji nyingine, wala hawakurudi. Karani akaandika fedha za kioo chini ya fedha za mguu, katika safu moja.

CHAMA NI UPANGA WENYE MAKALI MAWILI

Jambo hilo la Gatina lilikuwa dogo, lakini Nairobi imeona kubwa. Machi 2022 kundi la waendesha bodaboda lilimzingira mwanamke dereva katika barabara ya jiji baada ya ajali, likamvunjia heshima mbele ya watu, na picha zake zikaenea nchi nzima. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliamuru msako, na kwamba waendeshaji wote waandikishwe upya. Maelfu ya vijana wasiokuwapo mahali pale waliingia katika aibu na hasara kwa kosa la wachache. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba umoja ule ule umzikao mwenzake kwa heshima, ndio uwezao, usipokuwa na mkuu wa kuuzuia, kumwangamiza mpita njia. Mtu anayesema kwamba dawa ni kuvunja vikundi hajaelewa jambo. Kundi lililomzingira mwanamke yule halikuwa mkutano wa steji yenye kitabu na mwenyekiti. Lilikuwa mkusanyiko wa wapitao, ambao hapana aliyemjua mwenziwe wala aliyemwogopa mkubwa wake.

Basi kila upande una somo la kuufundisha mwingine. Wenye pikipiki kubwa wana elimu ya mwendo, ambayo wengi wao wamelipia fedha kuipata. Wajua namna ya kufunga breki ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, namna ya kutazama mwisho wa kona na kutokodolea macho shimo, namna ya kwenda wengi bila kugongana. Wanaheshimu helmeti. Mwaka 2008 madaktari waliokusanya na kulinganisha uchunguzi wa nchi mbali mbali waliona kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa 42 kwa mia, na hatari ya kuumia kichwa kwa 69 kwa mia. Sheria ya Kenya yamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na koti lenye kung'aa usiku, na abiria asizidi mmoja. Lakini katika steji nyingi helmeti ya abiria huning'inia kwenye usukani mchana kutwa, na abiria mwenyewe huikataa kwa kuogopa jasho la mwingine. Mwenye busara angempa abiria wake kitambaa safi cha kutanguliza kichwani, akapata wateja na akaokoa maisha.

Wenye pikipiki ndogo nao wana elimu ambayo haiuzwi dukani. Wajua namna ya kuweka akiba kabla ya msiba, si kuchangisha baada yake. Wajua namna ya kuilisha nyumba ya mtu aliyelala hospitali bila kumfanya ombaomba. Vyama vingi vya pikipiki kubwa huenda kwenye mazishi ya mwenzao kwa msafara mzuri, lakini msafara ukiisha kutawanyika, mjane hubaki na ada za shule. Ingefaa kama vingekuwa na kitabu kama kile cha Gatina.

Na si vigumu watu hawa kukutana. Kutoka Lavington hadi Kawangware ni mwendo mfupi, na kutoka Karen hadi Kibera si safari. Kama chama kimoja cha pikipiki kubwa kingetoa Jumamosi moja kila mwezi kufundisha vijana wa steji moja katika uwanja wa shule, na kama wazee wa steji wangeitwa mara moja kwa mwaka kueleza jinsi wanavyolinda akiba yao, pande zote mbili zingefaidika. Mwendesha bodaboda angepata ujuzi ambao hakuupata kwa mtu aliyemfundisha siku mbili tu kisha akampa abiria. Mwenye BMW naye angepata majirani. Siku atakapoanguka katika Barabara ya Ngong, mtu wa kwanza kumfikia hatakuwa mwanachama mwenziwe aliyeko Naivasha. Atakuwa kijana wa Boxer.

Karani wa Gatina bado anaweka fedha zake, wala hajaacha kutamani. Lakini siku mwenzake wa ofisini alipomletea karatasi za kujiunga na chama, hakuuliza kuhusu koti wala safari ya Naivasha. Aliuliza ni nani ashikaye kitabu, ni kiasi gani kilichomo, na mwanachama akimgonga mtu baki chama hufanya nini. Mwenzake hakuwa na majibu, akaahidi kuuliza. Maswali hayo yamfaa kila mtu atakaye kupanda pikipiki, iwe ya milioni au ya mkopo, na ni vema yaulizwe kabla ya kuuliza bei. Wahenga walisema mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na barabara ni ng'ombe mkali.